Mashindano Mafupi ni Mizani, Siyo Uji (Sehemu ya 7)



Sehemu iliyopita tuliongea kuhusu watoto na michezo. Wengi mkaniuliza habari za kriketi, kwa sababu Januari 2026 vijana wetu wa chini ya miaka 19 walikwenda Kombe la Dunia kule Zimbabwe na Namibia. Ni mara ya kwanza Tanzania kufika Kombe la Dunia la kriketi la ngazi yoyote ile, na wakapangwa kundi moja na West Indies, Afrika Kusini na Afghanistan. Mama mmoja akauliza waziwazi: huu mchezo si wa Wahindi? Mwanangu anaingiaje humo? Na akija mtu kumtaka binti yangu kwa mashindano, nimkubalie?

Najibu leo, na maoni ni yangu.

Kwanza tuelewane. Kriketi inachezwa kwa urefu wa aina tatu. Ipo ya siku tano. Ipo ya ova 50, inayokula siku nzima. Ova moja ni mipira sita inayorushwa. Halafu ipo ya ova 20, inayoitwa T20, ambayo inakwisha kwa kama saa tatu. Hiyo fupi ndiyo mashindano yake yamejaa kila kona siku hizi, na ndiyo inayosemwa kwamba itafufua kriketi ya Afrika Mashariki.

Nasema hivi: ufupi umetufungulia mlango, hilo silipingi. Mwaka 2018 shirika la kriketi la dunia, ICC, liliamua mechi za T20 za nchi wanachama wote zihesabike za kimataifa, wanawake kuanzia Julai 2018 na wanaume kuanzia Januari 2019. Kabla ya hapo nchi kama yetu ilikuwa inacheza tu, hakuna anayehesabu. Mabinti wetu wa Tanzania wakalichukua kombe la Kwibuka kule Kigali mwaka 2019, wakalichukua tena 2022. Oktoba 2025, Harare, timu yetu ya wanaume ilibakiwa na mechi moja tu kufika Kombe la Dunia la T20, ikafungwa na Namibia kwenye nusu fainali. Uganda wao walifika, mwaka 2024, na wakaifunga Papua New Guinea. Frank Nsubuga, mtu mzima wa miaka 43, alirusha ova nne siku ile akaruhusu mikimbio minne tu.

Na kwa mama wa pwani, ufupi una faida nyingine. Binti anacheza asubuhi, mchana yuko nyumbani. Stara ipo: suruali ndefu, fulana ya mikono, na hijabu haimzuii mtu kurusha wala kudaka. Mtoto aliyezoea rede ameshajua kulenga, kukwepa na kudaka. Ameanza nusu ya safari bila mwalimu.

Sasa niwaambie kinachonikera.

Mnajua kliniki tunavyofanya. Kila mwezi mtoto anapanda mizani, tunaweka alama kwenye kadi, tunautazama mstari unapanda au unalala. Mizani ni muhimu sana. Lakini hakuna mtoto aliyenenepa kwa kupimwa. Ananenepa kwa kunyonyeshwa, kwa uji wenye karanga, kwa dagaa, kwa kulala vizuri. Ukimpima mara kumi kwa mwezi na nyumbani hali, utapata alama kumi za mtoto anayekonda.

Mashindano ni mizani. Yanatuonyesha tulipo. Mazoezi ya kila wiki, mwalimu anayelipwa, ligi ya wilaya, kiwanja kisichogeuzwa soko, huo ndio uji. Na sisi Afrika Mashariki tunapenda sana mizani, uji tunausahau.

Mnataka ushahidi? Mwaka 2019, kwenye Kwibuka hiyohiyo tuliyoshinda, mabinti wa Mali walitolewa wote kwa mikimbio 6 walipocheza na Rwanda. Siku mbili baadaye Uganda ikapiga mikimbio 314 dhidi yao. Mechi zikahesabika za kimataifa, zikaandikwa kwenye rekodi za dunia, na watu wakacheka. Wale mabinti hawakuwa na kosa lolote. Walipandishwa mizani kabla ya kulishwa.

Au tazameni jirani zetu wa Kenya. Mwaka 1996, Pune, India, waliifunga West Indies, mabingwa wa dunia wa 1975 na 1979, kwa kuwatoa wote kwa mikimbio 93. Mwaka 2003 wakafika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Nchi nzima ikashangilia. Baada ya hapo wachezaji na viongozi wakagombania malipo, ligi ya nyumbani ikadhoofu, wazee wakastaafu na nyuma yao vijana hawakutosha. Mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi yake ya kucheza mechi za kimataifa za ova 50. Miaka kumi na moja tu! Alama ya 2003 kwenye kadi ilikuwa nzuri kweli, ila sufuria nyumbani ilikuwa tupu.

Hata hao West Indies wenyewe, ambao ndio wakubwa wa mchezo huu, wamo humohumo. Kwa T20 walikuwa mabingwa wa dunia 2012 na 2016, na tangu 2013 wana ligi yao fupi inayojaza viwanja visiwani. Lakini ligi fupi za nchi tajiri zinawavuta vijana wao kwa hela nzuri, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kulisha familia. Nicholas Pooran aliacha timu ya taifa mwaka 2025 akiwa na miaka 29. Mwaka 2023 West Indies walikosa Kombe la Dunia la ova 50 kwa mara ya kwanza. Julai 2025, nyumbani kwao Kingston, Australia iliwatoa wote kwa mikimbio 27. Furaha kubwa waliyoipata karibuni ilitoka kwenye mchezo mrefu: Januari 2024, Brisbane, Shamar Joseph, kijana wa kijiji cha Baracara kule Guyana kinachofikika kwa boti, aliyewahi kuwa mlinzi, aliwatoa wapigaji saba wa Australia na timu yake ikashinda. Mchezo mfupi unawapa hela na watazamaji. Subira ya kuwasimamisha siku tano, huo ni mlo mwingine kabisa.

Na sisi je? Mnaona vijana wetu wa chini ya miaka 19? Mashindano ya Lagos ya mwaka 2025 yaliyowapeleka Kombe la Dunia yalikuwa ya ova 50, siyo 20. Mpigaji anakaa uwanjani saa nzima na zaidi, anavumilia jua, haropoki na kila mpira. Hilo haliji kwa kambi ya wiki mbili. Mtu alikaa nao muda mrefu akawalisha.

Sasa nivae gauni langu la uuguzi kidogo, maana hapa ndipo mashindano mafupi yanapomgusa mwanao moja kwa moja. Mechi ni fupi, lakini zinapangwa mfululizo, siku kwa siku. Mtoto wa miaka 14 anayerusha kwa kasi siku tano mfululizo, bila kuwa amezoezwa polepole miezi ya nyuma, anaumiza mgongo. Akilalamika kiuno kinauma na maumivu hayaishi, asirushe. Mleteni apimwe, msimpake dawa ya kuchua mkamrudisha uwanjani. Mpira wenyewe ni mgumu, karibu gramu 160, hivyo wadogo waanze na mpira laini, na mpira mgumu usichezwe bila kofia ngumu na kinga za miguu. Akipigwa kichwani, mchezo umekwisha kwake siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Akitapika, akisinzia ovyo, akichanganyikiwa au akipata degedege, kituo cha afya sasa hivi. Na jua letu hili mnalijua: maji anywe kabla hajasikia kiu.

Kwa hiyo mama uliyeuliza: usimkatalie. Ila aliyekuja kumtaka umuulize, kwa adabu, mambo manne. Mashindano yakiisha, mwanangu atafanya mazoezi wapi na mara ngapi kwa wiki? Mwalimu ni nani, na kwa mabinti kuna mwanamke mzima anayesafiri nao? Kinga zipo za kila mtoto au wanagawana? Na shule je, atakosa siku ngapi?

Akikujibu vizuri, mfungie maji na chakula, mruhusu aende. Akikujibu kwa picha za makombe tu, mwambie asante baba, rudi ukiwa na ratiba.

Mwaka 2028 kriketi itachezwa Olimpiki ya Los Angeles, ova 20, timu sita tu za wanawake na sita za wanaume. Mtasikia kelele nyingi za mashindano kuanzia sasa. Viongozi wetu wa michezo nao niwaombe: fedha ya kombe moja la wiki moja, kateni nusu mlipe walimu wawili wa wilaya kwa mwaka. Mizani tunayo tayari. Watoto wana njaa.

Sehemu ya 8 tutaongea chakula cha mtoto anayecheza, kwa bei za gulio letu.