Acheni Kununua Chumvi kwa Maneno ya Ndooni

Nimechoka. Kila nikisema nafuga matumbawe kwenye tangi hapa Nairobi, swali la kwanza ni lile lile: "Unatumia chumvi gani?" Kabla sijamaliza kujibu, mabishano yameshaanza kana kwamba ni mechi ya Gor na AFC. Huyu anaapa kwa ndoo ya buluu, yule kwa ndoo nyeusi. Hakuna anayetaja nambari. Basi leo tuzitaje.

Kwanza, tunajaribu kuiga nini? Mwaka 1884 mwanakemia William Dittmar alichapisha uchambuzi wa sampuli 77 za maji zilizokusanywa na meli HMS Challenger katika safari yake ya 1872 hadi 1876. Alionyesha kwamba bahari zote zina chumvi kuu zile zile, kwa uwiano ambao karibu haubadiliki. Kwa lugha yetu sisi wa kompyuta, vipimo vya mfumo vilishaandikwa kitambo. Maji yenye gramu 35 za chumvi kwa kilo yana kalisiamu takribani miligramu 410 hadi 420 kwa lita, magnesiamu karibu 1,300 na ualkali karibu 7 dKH. Ualkali ndio akiba ya bikaboneti na kaboneti ambayo matumbawe huitumia pamoja na kalisiamu kujenga mifupa yao.

Sasa tuje kwa hoja ninazosikia.

Hoja ya kwanza: "Chumvi asilia ya bahari ni bora na ni rahisi, si tunayo Gongoni?" Tunayo, na ugali wangu unaijua. Lakini maji ya bahari yanapokauka kwenye mabwawa, kaboneti ya kalisiamu hutangulia kuganda, kisha jasi, ndipo chumvi ya kula inafuata. Maji machungu yanayobaki, yenye magnesiamu na potasiamu nyingi, huondolewa. Mfuko unaofika dukani ni sodiamu kloridi karibu tupu. Ukiuyeyusha hupati bahari, kama vile kunakili faili moja si kunakili diski nzima.

Hoja ya pili, na ndiyo inayokula pesa za watu: "Nunua ile ya pro, ina nambari kubwa." Mfano mzuri ni Red Sea, ambao huuza chumvi ya kawaida yenye ualkali karibu 8 dKH, na Coral Pro yenye karibu 12. Hakuna uongo hapo. Ni bidhaa mbili za matangi mawili tofauti. Kosa ni la anayesoma 12 na kudhani ni alama za mtihani.

Tufanye hesabu ya darasa la saba. Tangi lako liko 8 dKH. Unabadilisha asilimia 10 ya maji kwa maji mapya ya 12. Jumla: 0.9 × 8 + 0.1 × 12 = 8.4. Yaani umelipia pro ukapata 0.4! Tangi lililojaa matumbawe magumu linaweza kumaliza 1 dKH kwa siku moja, kwa hivyo hiyo 0.4 ya wiki nzima haifiki hata chakula cha jioni. Kalisiamu ni vivyo hivyo: tangi la 400, maji mapya ya 450, unapata 405. Kama matumbawe yako yanakula hivyo, unahitaji kuongeza kalisiamu na ualkali kila siku kwa kipimo. Chumvi haiwezi kufanya kazi hiyo.

Halafu siku moja unabadilisha nusu ya maji, na ualkali unaruka kutoka 8 hadi 10 kwa saa moja. Wafugaji wengi wa Acropora wameripoti ncha kuungua pale ualkali unapokuwa juu katika maji yenye lishe kidogo. Matumbawe hayana nakala rudufu. Kilichochukua miaka miwili kukua hakirudishwi kwa kubofya.

Hoja ya tatu: "Hii ina elementi zaidi ya 70." Sawa, lakini kiasi gani cha kila moja? Shaba ni elementi, na ikizidi huua kamba na konokono wako. Risasi pia ni elementi. Orodha bila viwango ni tangazo tu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Msimamo wangu basi ni huu. Pima tangi lako kwanza, kisha chagua chumvi ambayo nambari zake ziko karibu na unapotaka tangi likae. Kati ya mbili zinazolingana, chukua ile inayotoa nambari zile zile ndoo baada ya ndoo, na ambayo utaipata tena mwezi ujao. Kila ndoo mpya, ichanganye ikiwa kavu kwa sababu chembe hujitenga safarini, yeyusha kidogo kwa maji yaliyochujwa hadi ufike gramu 35, kisha upime mwenyewe. Funga mfuniko vizuri, unyevu huigandisha. Bei na rangi ya ndoo vije mwisho.

Kwa wenye maduka: andikeni namba ya toleo na matokeo ya vipimo vyake pale rafuni. Sisi tunaoandika programu hatuachii toleo jipya bila kusema limebadilika nini. Chumvi inayoingia kwenye tangi la viumbe hai inastahili angalau hivyo.

Ukitaka kubisha, karibu sana. Ila njoo na nambari.