MASIKA YAKARIBIA: TAZAMENI MAGARI



Mvua ya masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Kabla haijanyesha, tazameni tairi, breki, taa na waipa. Mifereji ya tairi ndiyo inayotoa maji chini ya gurudumu. Tairi kipara huelea juu ya maji, na hapo hata breki nzima haisaidii. Ukisha kuvuka maji, kanyaga breki kidogo kidogo mpaka zikauke.

Lakini tairi za kampuni hazinunuliwi na dereva. Gari likiwa bovu, mwambie msimamizi, tena uandike. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamkataza mwajiri kukurudisha penye hatari kubwa kabla ya kuiondoa. Usiogope kuitwa mkaidi. Tairi hununuliwa; mtu hanunuliwi.