Ujambazi Wenye Bei

Jiji la Kinshasa limekauka petroli. Riva anarudi nyumbani na lori la mafuta aliyowaibia majambazi wa Angola, wala hana pupa ya kuuza, kwa sababu kila kukicha bei inapanda. Nyuma yake wanakuja wenye mali, wakiongozwa na César, na huyo hana mzaha. Ndiyo Viva Riva! ya Mkongo Djo Tunda Wa Munga, filamu ya mwaka 2010 iliyozoa tuzo sita za filamu za Afrika, AMAA, mwaka uliofuata, kisha watu wengi wa Afrika Mashariki wakapitwa nayo.

Wamepitwa na kitu. Filamu nyingi za mapigano zenye mabilioni humkimbiza steringi nyuma ya sanduku lenye siri ya kuangamiza dunia, siri ambayo hata aliyeiandika hakujisumbua kuielewa. Dunia ni kubwa mno kumtia mtu jasho. Petroli ni habari nyingine: mwendesha bodaboda yeyote anajua uchungu wake, kwa hiyo risasi ya kwanza inapolia hakuna anayeuliza wanagombania nini.

Nairobi Half Life (2012) ya David "Tosh" Gitonga inaelewa jambo hilo vizuri zaidi. Mwas anauza diski za filamu kijijini huku akiwaigizia wateja vipande vya mapigano. Anaingia Nairobi kusaka uigizaji, na siku ileile anaporwa kila kitu. Genge linalompokea baadaye linaiba vipuri vya magari, kisha tamaa inakua, yanachukuliwa magari mazima. Kila hatua ina faida kubwa kidogo na hatari kubwa zaidi, na mtazamaji anajikuta akipiga hesabu pamoja na wezi. Joseph Wairimu, aliyemcheza Mwas, alitwaa tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban, na Kenya ikaipeleka filamu hiyo kuwania Oscar, mara yake ya kwanza kufanya hivyo.

Veve (2014) ya Simon Mukali inahamishia mchezo huo kwenye biashara ya miraa na siasa zake. Ina visa vingi kuliko inavyoweza kubeba, lakini mbunge Amos anatosha kuifanya itazamwe.

Viva Riva! nayo ina doa: Nora, mwanamke anayegombaniwa, ameandikwa kama pambo, ilhali kamanda wa kike anayelazimishwa kuwatumikia Waangola angestahili filamu yake mwenyewe.

Anayeivunja kanuni hii, kwamba kinachogombaniwa lazima kiwe na bei, ni Mganda Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala. Katika Who Killed Captain Alex? (2010), iliyosemekana kugharimu chini ya dola 200, hakuna bidhaa wala hesabu. Kuna bunduki za vyuma chakavu na msimulizi VJ Emmie akichombeza juu ya kila kipigo. Inapendeza kwa sababu ya sauti hiyo.

Sauti za namna hiyo Waswahili wanazijua: Lufufu kwenye vibanda vya video vya Tanzania, DJ Afro kule Kenya. Wamewapa watu filamu za Wamarekani na Wahindi. Viva Riva! imezungumzwa Kilingala na Kifaransa, na inamfaa mno msimulizi wa aina yao. Matusi ya César kwa Wakongo pekee yangempa kazi ya jioni nzima.