Macho ya Angani Hayana Pazia

Norsborg, kituo cha mwisho cha njia nyekundu ya treni ya chini ya ardhi ya Stockholm, ni mtaa ambao polisi wa Sweden wamewahi kuuorodhesha, pamoja na jirani yake Hallunda, miongoni mwa maeneo yaliyoelemewa zaidi na uhalifu. Katika mitaa ya namna hii, mjadala wa droni za polisi huishia kwenye swali moja: ziruke au zisiruke? Swali hilo limekosewa. Droni ni punda tu. La kuuliza ni mzigo aliobeba. Kamera ya kawaida huona takriban anachoona mtu aliye juu ya paa. Lenzi ya kuvuta humsogeza karibu mtu aliye mbali, naye asijue. Kamera ya joto husoma joto la mwili, hivyo giza halimsitiri mtu tena, ingawa haipenyi ukuta wala kioo cha dirisha. Vihisi hivi haviingilii faragha kwa kiwango kimoja, basi visipewe ruhusa moja.

Sheria ilikaribia kulitambua hilo. Oktoba 2016, mahakama ya juu ya utawala ya Sweden iliamua kwamba droni yenye kamera ni kamera ya ulinzi, kwa hiyo ilihitaji kibali. Agosti 2017 sharti hilo likaondolewa kwa watu binafsi na kampuni. Januari 2020 polisi nao wakaachiwa. Leo hupima wenyewe haja yao dhidi ya faragha ya raia na kuandika tathmini, chini ya usimamizi wa mamlaka ya faragha. Mwenye haja ndiye mwenye mizani. Kwa hiyo tathmini itaje kila kihisi, muda wa kuruka na muda wa kutunza picha, kisha muhtasari wake utangazwe.

Wapinzani watasema wahalifu watajihadhari. Lakini muhtasari unaotoka baada ya operesheni haumwonyi mtu. Watasema pia asiye na hatia hana la kuogopa. Ila polisi huhitaji mashahidi, na shahidi hajitokezi kwa asiyemwamini. Uwazi wa namna hii unawezekana: mwaka 2016 droni zilianza kupiga picha Unguja na Pemba, Zanzibar, ili kuchora ramani, na kila mtu aliweza kuambiwa kazi yake. Norsborg nayo inastahili jibu hilo: si siri ya upelelezi, bali aina ya jicho lililo juu ya paa zake.