Breki Mpya, Kelele Mpya: Usikubali Kuambiwa "Zitazoea"

Mwezi huu tunaingia gereji. Usifunue ukurasa, dada yangu, maana barua iliyonipeleka huko imeandikwa na mwanamke.

Ni msomaji wetu wa Bunda, mwajiriwa, mwaka wa tatu sasa kwenye ndoa. Yeye na mumewe wana Toyota IST, na kila mwisho wa mwezi wanashuka nayo mpaka Kisorya, wanaingia kwenye kivuko kwenda Rugezi, maana wakwe zake wako Ukerewe. Wiki mbili kabla ya kuniandikia walikuwa wamebadilisha breki za mbele. "Tangu siku ile gari linasaga," anaandika, "kama mtu anaburuta sufuria sakafuni. Nikisema, mume wangu ananijibu, Mama Junior, acha uoga, pedi ni mpya, zitazoea. Fundi naye kasema hivyo hivyo, tembea nalo tu shemeji. Nimeanza kuona labda tatizo ni mimi. Nishauri."

Tatizo si wewe, mama. Na hilo neno "zitazoea" tulitazame vizuri, kwa sababu lina ukweli nusu, na ukweli nusu kwenye breki ni hatari kuliko uongo mtupu.

Breki pedi mpya kweli zinahitaji kuzoeana na diski. Kilomita mia mbili, mia tatu za mwanzo unaweza kusikia mvumo mdogo, au mlio mwembamba kama filimbi unapokanyaga taratibu, na siku ya kwanza hata harufu kidogo. Hayo hupungua kila siku. Kusaga ni habari nyingine kabisa. Kusaga ni sauti nzito ya chuma, mara nyingine unaisikia hadi kwenye unyayo, na haipungui. Pedi haina namna ya kuzoea kukaa vibaya.

Na safari yenyewe si ya kufanyia majaribio. Toka Bunda, pita Bulamba, pita Kibara, unakwenda na lami vioo vimefungwa, muziki unapiga, kelele yote inamezwa. Ukifika gatini Kisorya ndipo mnatembea mwendo wa konokono, na ghafla kila mtu kwenye foleni anasikia gari lenu linavyolia. Kisha unateremka kuelekea majini, mbele kuna gari la mwenzio, kushoto na kulia kuna watu, baiskeli, matenga na watoto. Pale breki inatakiwa ishike mara ya kwanza ulipokanyaga. Hakuna nafasi ya kujaribu tena.

Kwa nini breki za mbele hasa? Gari likifunga breki uzito unaegemea mbele, hivyo sehemu kubwa ya kazi ya kulisimamisha hufanywa na magurudumu ya mbele. Ndani ya kila gurudumu kuna diski ya chuma inayozunguka pamoja na tairi. Kalipa imeikumbatia, na ndani ya kalipa kuna pedi mbili, moja kila upande. Ukikanyaga, oili ya breki inasukuma pistoni na pedi zinaibana diski. Ukiachia, pedi zinalegea kidogo mno, nafasi ya karatasi tu. Kwa hiyo kitu chochote kikihama kidogo wakati fundi anafungua na kufunga, lazima kiguse, na kikigusa lazima kilie.

Sasa basi, kabla hamjarudi gereji na kabla hamjanuniana, fanyeni kazi hii ninyi wawili. Ndiyo, wawili. Dereva akili yake iko barabarani, tena sikio lake moja linasikiliza injini. Abiria ndiye mwenye nafasi ya kusikia, na mimi naamini kelele nyingi za gari huanza kusikika upande wa kushoto, alipokaa mtu ambaye hasikilizwi.

Tafuteni sehemu tambarare isiyo na watu, asubuhi. Zimeni redio, teremsheni vioo vyote. Mmoja aendeshe kilomita 15 au 20 kwa saa, kama kuna ukuta apite sambamba nao, maana ukuta unarudisha sauti. Mwingine asikilize upande wa mbele, kisha ahamie kiti cha nyuma. Halafu badilishaneni. Jambo la kwanza kuulizana: inalia wakati breki imekanyagwa, au inalia muda wote?

Ikiwa inakwaruza muda wote, hata miguu yote ikiwa imetulia, na sauti inaenda kwa kasi ya tairi, shwi, shwi, shwi, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni lile bati jembamba lililo nyuma ya diski la kukinga vumbi na maji. Ni bati laini. Fundi akiliegemea na bisibisi, au akivuta kalipa kwa nguvu, linapinda na kugusa diski. Sauti yake inatisha kweli, utadhani gari linakatika, lakini dawa yake ni kulivuta kwa mkono au koleo, dakika mbili kwisha. Wapo watu waliouziwa diski mpya kwa sababu ya bati hilo. Ndugu wa karibu wa tatizo hili ni kokoto. Mkitoka kwenye barabara za changarawe kijiwe kinaweza kujipachika kati ya bati na diski na kupiga yowe hadi uone aibu. Mara nyingi ukirudi nyuma taratibu mita chache huku ukikata usukani, kinadondoka chenyewe.

Ikiwa inasaga pale tu unapokanyaga, hapo nataka msimame na kufikiri. Fungueni tairi, au fundi afungue, mtazame uso wa diski. Diski nzima huwa laini na inang'aa. Ukiona mifereji mipya iliyochimbwa kwa duara, kuna chuma kinachimba. Inaweza kuwa pedi imefungwa kinyume, mgongo wake wa chuma ukaelekea diski. Usicheke, hutokea, hasa kazi ikifanywa jioni kwa tochi ya simu. Inaweza kuwa kile kibati kidogo cha kuonya pedi ikikaribia kuisha kimepinda au kimewekwa upande usiokuwa wake. Inaweza kuwa klipu zinazoshikilia pedi hazikurudishwa, zikabaki kwenye kopo la fundi kama "spea zilizozidi". Au pedi zenyewe si za gari lenu. Hili la mwisho ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: magari yetu mengi yamekuja yametumika Japani, na jina moja la gari linaweza kuwa na breki za saizi tofauti kufuatana na injini na mwaka. Kumwambia muuza spea "nipe pedi za IST" haitoshi. Mpelekee namba ya chesisi, na pedi za zamani mkononi mzilinganishe umbo kwa umbo.

Kuna na diski iliyozeeka. Pedi za zamani zilikwishaila katikati, pembeni ukabaki ukingo uliosimama kama ukingo wa sahani. Pedi mpya zikiwekwa, zikawa pana kidogo, zinapanda ule ukingo na kusaga. Pitisha ukucha ukingoni, gari likiwa limepoa, utausikia. Kwenye diski nyingi kumeandikwa au kugongwa unene wa chini unaoruhusiwa, kwa milimita. Ikiwa bado ni nene, mtu wa mashine ya kukereza anaweza kuisawazisha, ilimradi akimaliza ibaki juu ya kipimo hicho. Ikishuka chini yake, nunueni nyingine, tena zote mbili, kushoto na kulia, la sivyo gari litavuta upande mmoja.

Kelele ya asubuhi tu isiwasumbue. Diski ni chuma cha kawaida kinachoshika kutu upesi. Gari likilala nje karibu na ziwa, au likioshwa jioni, asubuhi uso wake una rangi ya chungwa. Ukikanyaga mara mbili tatu, kutu inakwanguka na kelele inakwisha. Ikiendelea mpaka dukani na kurudi, hiyo si kutu.

Na ikiwa sauti inabadilika mkikata kona, ikizidi mkienda kulia na kupungua mkienda kushoto, wazieni beringi ya gurudumu. Breki zilibadilishwa wiki hiyo hiyo, ndiyo, lakini pengine beringi ilikuwa inakufa siku nyingi na ninyi mmeanza kusikiliza juzi.

Nimeiacha makusudi ile inayonitia hofu zaidi, kwa sababu ndiyo yenye kelele ndogo. Kalipa inateleza juu ya pini mbili. Pini zikikauka grisi au zikishika kutu, kalipa haitelezi, pedi moja inabaki imebana diski hata mguu ukiwa umetoka. Gari linakuwa zito, linakula mafuta, linavuta upande mmoja. Kibaya zaidi ni joto. Diski ikipata moto kupita kiasi oili ya breki inaweza kuchemka, na oili iliyochemka ina mapovu. Ukikanyaga, mguu unazama mpaka chini na gari halishiki. Kipimo chake ni rahisi: endesheni kilomita chache bila kufunga breki sana, simameni, kila mmoja apeleke kiganja karibu na rimu ya mbele ya upande wake bila kugusa. Pande zote mbili ziwe na joto la kufanana. Upande mmoja ukikuchoma usoni kama jiko, gari lilale hapo hapo na fundi ndiye aje. Vivyo hivyo mkiona mifereji kwenye diski au mguu ukianza kuzama. Wakwe watasubiri wiki nyingine. Piga simu uwaeleze, wazee wanaelewa mambo ya gari bovu kuliko tunavyofikiri.

Kuhusu pedi feki, sina maneno mengi. Zipo, na baadhi zina vipande vigumu vya chuma ndani vinavyochana diski. TBS na Tume ya Ushindani hukamata bidhaa feki kila mara, lakini ofisa hayuko nyuma ya kila kaunta ya spea. Dai risiti ya EFD, tunza boksi, na ukiona bei ni nusu ya duka la jirani uliza kwa nini.

Tunarudi kwa mume. Dada yangu, usiende kumwambia "nilikuambia". Mwambie, "Baba Junior, Jumamosi asubuhi tukalisikilize gari pamoja," umpe usukani yeye kwanza. Mwanaume aliyekwisha kumtetea fundi wake anaona haya kurudi nyuma mbele ya mkewe, na haya hiyo inaondoka akisikia kwa masikio yake. Nawe kaka unayesoma hapa, mkeo akisema gari linalia hajasema hujui kuchagua fundi. Kasema gari linalia.

Gereji nendeni wote. Msimwambie fundi "breki mbovu", maana mtauziwa breki nyingine. Mwambieni mlichosikia: inasaga kulia mbele, tukikanyaga tu, haijapungua tangu siku ya kwanza. Ombeni kuona pedi na diski kwa macho. Pini zisafishwe na zipakwe grisi ya breki inayostahimili joto, na tone lisiguse uso wa pedi wala diski. Kama diski ni mpya, ioshwe ile mafuta ya kiwandani kabla ya kufungwa. Fundi anayejiamini hakasiriki kuulizwa. Akikasirika, lipeni ya leo mtafute mwingine.

Kabla gari halijatoka kwenye jeki hadi barabarani, kanyageni pedeli mara kadhaa likiwa limesimama mpaka iwe ngumu. Pistoni zilirudishwa nyuma kuweka pedi mpya, na mkanyago wa kwanza huwa mtupu kabisa. Watu wamegonga geti la gereji kwa kusahau hilo. Tazameni kiwango cha oili ya breki. Nati za tairi zikazwe kwa kupishana, na zirudiwe baada ya kilomita mia hivi. Kisha tafuteni kipande cha barabara kisicho na magari, nendeni kilomita 50 kwa saa, punguzeni taratibu hadi 10 bila kusimama kabisa, muachie, mwende kidogo diski zipoe, mrudie mara nane au kumi. Ile harufu ya siku ya kwanza niliyoitaja itatokea hapo. Ikiwepo na kesho yake, rudini kwa fundi na gari likiwa la baridi.

Mwezi ujao tunazungumzia kadi ya gari: mkinunua kwa pesa za wote wawili, iandikwe jina la nani? Barua zimeshaanza kuingia, na baadhi ni za moto.