Sauti ya Gitaa Haianzii kwenye Pikapu

Imani hii imeota mizizi miongoni mwa wapiga gitaa, kuanzia bendi za Dar es Salaam hadi kwaya zetu huku kwenye vilima vya Umatumbi, wilayani Kilwa: gitaa la umeme likitoa sauti isiyopendeza, kosa ni la pikapu, vile visanduku vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi, na dawa ni kuzing'oa na kufunga za kampuni yenye jina. Kijana wa Kipatimu akikusanya fedha za msimu wa korosho au ufuta, huambiwa azitume Kariakoo ili pikapu zije kwa basi hadi Njia Nne. Naipinga imani hii kwa sababu inamtoza fedha nyingi mtu mwenye fedha chache, na inamzuia kuuliza sauti yake inaharibikia wapi hasa.

Tuanze na chombo chenyewe. Pikapu ni sumaku iliyozungukwa na koili, yaani waya wa shaba mwembamba kama unywele. Pikapu ya koili moja, kama ile ya gitaa la Stratocaster, huwa na mizunguko kama 8,000. Uzi wa chuma ukitetema juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa kwenye waya. Ni hayo tu. Pikapu haiujui mti wa gitaa wala jina la kiwanda. Inaujua mwendo wa uzi. Kwa sehemu kubwa, pikapu mbili hutofautiana kwa nguvu ya umeme zinaoutoa na kwa mahali pa kilele chake, yaani pale ambapo sauti nyembamba hupanda kabla ya kuporomoka. Na kilele hicho pikapu haikimiliki peke yake. Pikapu ya koili moja ikiunganishwa na kebo fupi huweka kilele chake karibu na hezi 4,600. Ikiunganishwa na kebo ndefu mara mbili, kilele hushuka hadi kama hezi 3,250. Pikapu ni ileile, mkono ni uleule, na gitaa limeingia giza. Mtu anayelalamika kwamba gitaa lake halina mng'ao huku akipigia kebo ya mita kumi na mbili anatakiwa kufupisha kebo kabla hajafungua pochi. Zile namba za om, yaani za ukinzani wa waya, zinazotajwa dukani kana kwamba ni kipimo cha nguvu hazimsaidii pia, kwa sababu waya mwembamba zaidi huongeza om bila kuongeza hata mzunguko mmoja.

Ushahidi mzito zaidi uko masikioni mwetu. Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, kisha NUTA Jazz na Mlimani Park: wasikilizaji wengi wa mikoani walizifahamu bendi hizi kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam. Nyimbo zilirekodiwa kwa maikrofoni chache, zikarushwa kwa mawimbi ya kati na mafupi, zikatokea kwenye spika ndogo ya redio ya betri. Mawimbi hayo kwa kawaida hayapitishi sauti nyembamba kupita hezi 5,000 hivi, na spika ndogo hukata zaidi. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya ule utofauti mdogo kati ya pikapu na pikapu ilikwisha kufa kabla haijafika Kilwa. Hata hivyo watu walimtambua mpiga solo kwa mistari michache tu. Walichokitambua ni namna anavyouchuna uzi, anapouacha ulie na anapoukatiza, na jinsi solo yake inavyojibizana na ridhim. Tena vyombo kwa kawaida vilikuwa mali ya bendi au ya taasisi iliyoimiliki. Mpiga gitaa Abel Balthazar alipotoka Mlimani Park kwenda Orchestra Safari Sound katika miaka ya 1980, alihama na vidole vyake.

Nitajibiwa kwamba magitaa ya bei nafuu ya leo yana pikapu dhaifu, na kwamba mtu akibadilisha husikia tofauti papo hapo. Tofauti anaisikia kweli, sibishi. Lakini katika kubadilisha huko kwa kawaida ameweka pia nyuzi mpya, fundi ameshika upya lehemu zilizolegea, na pikapu imekaa kimo tofauti. Kila kimoja kati ya hivyo kinabadilisha sauti, na sifa zote zinapewa pikapu. Kimo peke yake ni jambo kubwa: bisibisi na robo saa vinatosha kuishusha pikapu iliyokaribia nyuzi mno hadi sumaku zake zinazivuta na kuziharibia tuni, au kuiinua iliyozama. Nyuzi nazo, katika pwani hii ya unyevu na chumvi, hushika kutu upesi, na uzi wenye kutu hulia kama umefungwa kitambaa, hata ukiwekewa pikapu ya mfalme.

Wapo watakaosema ninawakataza wanamuziki kutengeneza vyombo vyao. Siwakatazi. Zipo hali tatu ambazo ningemtuma mtu Kariakoo bila kusita. Ya kwanza ni waya wa koili uliokatika au kuliwa na kutu. Fundi redio ataugundua kwa mita. Ya pili ni pikapu inayopiga yowe sauti ikipandishwa, kwa sababu koili yake haikushikwa vizuri kwa nta. Ya tatu ndiyo inayotugusa zaidi huku: mvumo wa umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, nyumba nyingi hazina waya wa ethi unaofanya kazi, na harusi nyingi huendeshwa kwa jenereta. Koili moja hunasa mvumo huo kama antena. Seth Lover wa Gibson aliufanyia kazi ugonjwa huu mwaka 1955 kwa kuweka koili mbili zilizogeuziana, sumaku nazo zikigeuziana, ili mvumo wa koili moja uufute wa mwenzake huku sauti ya uzi ikibaki. Pikapu hiyo, hambaka, inamfaa mpigaji ambaye amekwisha kukagua kebo, lehemu na ethi, na mvumo bado upo. Huyo akifika dukani aulize kama koili ni mbili kweli na kama pikapu itaingia kwenye tundu la gitaa lake bila kuchonga mbao, na kama haitaingia, atafute ile nyembamba ya koili mbili iliyotengenezwa kwa tundu la koili moja.