Tuketi pamoja: wito kwa majirani wa Kimihurura

Majirani zangu wa Kimihurura, ninyi mnaokaa juu karibu na Bunge na ninyi wenzangu wa Rugando tunaobanana familia nzima katika vyumba viwili, nina ombi kwenu. Nalisema mapema ili msome mkijua ninakoelekea. Naomba tuanze kukutana, watu 10 hadi 15, mara moja kwa wiki, nyumbani kwa mmoja wetu, tuzungumze kuhusu hofu tulizo nazo juu ya kesho na juu ya nchi tulizotoka. Naomba Mkongo, Mrundi na Mnyarwanda waketi sebule moja. Lugha tunayo: mtelemko huu wetu umejaa watu wanaojua Kiswahili, na tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi ya nchi hii ya Rwanda.

Kwa sisi tuliotoka Kivu, mashariki mwa Kongo, hofu ina tarehe. Tarehe 27 Januari 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliingia Goma. Makombora yalivuka mpaka yakaangukia Rubavu na kuua watu waliokuwa wakidhani vita viko upande wa pili wa barabara. Siku hiyohiyo ya tarehe 27, amri ya Rais wa Marekani ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi ilianza kutekelezwa. Aliye mbali anaweza kuziona kuwa habari mbili zisizohusiana. Kwetu zilikuwa moja. Katika mwaka wa fedha wa 2024 Wakongo ndio waliokuwa wengi kuliko taifa lingine lolote kati ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, karibu 20,000. Mnajua maana yake mitaani: familia imeshafanyiwa mahojiano, imeshapimwa afya, imeuza vitanda, watoto wameshaaga shuleni. Halafu unaambiwa subiri, na hakuna anayejua unasubiri nini. Kwa wengi wetu njia ya kurudi na njia ya kuendelea zilizibwa siku moja. Kabla mwezi wa pili haujaisha, na Bukavu ikaanguka.

Nitawasimulia usiku mmoja wa Februari hiyo. Mama mmoja wa mtaani kwetu, mzaliwa wa Bukavu, alipokea ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, saa 6 usiku imeshapita. Aliyeongea hakujitaja. Alisema njia ya kwenda Kamanyola itafungwa alfajiri, na asiyepita usiku huo hatapita tena. Mama alikwenda kumgongea wakala wa pesa za simu, akamtoa kitandani, akatuma kodi ya miezi miwili kwa kaka yake ili apate nauli. Kaka akatoka na watoto gizani, kwenye mvua. Asubuhi walikuwa wameketi kando ya barabara, magari yanapita, mtoto mdogo ameshashikwa na homa, na hakuna aliyejua ile sauti ilitoka wapi. Aliponisimulia, mama hakusema alidanganywa. Alisema hivi, kwa Kiswahili chetu cha Kivu: "Simu ikilia busiku, roho yangu inaruka. Sina mutu wa kuuliza."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonisukuma kuandika. Hana mtu wa kuuliza, na ukuta wake umegusana na wa Mrundi aliyepitia usiku wa namna hiyo Bujumbura mwaka 2015. Yule jirani anakumbuka maandamano yalivyoanza tarehe 26 Aprili, jaribio la mapinduzi la tarehe 13 Mei, na jinsi redio zilivyoshambuliwa na kunyamazishwa ndani ya saa chache, mji mzima ukabaki bila sauti ya kuaminika. Anajua mtu anavyokuwa anapoishi kwa uvumi peke yake. Alivuka kuja Rwanda na maelfu ya wenzake, kambi ya Mahama kule Kirehe ikiwa ndiyo kwanza imefunguliwa. Kuanzia Agosti 2020 misafara ya kuwarudisha Warundi kwao ilikuwa ikiondoka, naye akaanza kufikiria kujiandikisha. Kisha tarehe 11 Januari 2024 Burundi ikafunga mpaka wake na Rwanda. Kayanza ni ng'ambo tu ya mto Akanyaru, lakini kwenda kumzika mzazi huko kukawa safari ya kuzunguka Tanzania. Mtu huyo angeweza kumwambia mama yule jambo moja la maana sana usiku ule: ngoja, tumpigie mtu aliyeko barabarani kwanza. Hawakuwa wamewahi kuzungumza zaidi ya salamu.

Na kuna Wanyarwanda. Wageni wengi tunawaogopa kidogo kwa jambo hili la kuzungumzia hofu. Tunadhani mtu mwenye nchi yenye barabara safi na taa za rangi kwenye kuba la Kigali Convention Centre hataielewa hofu yetu, au ataona tunanung'unika kwenye nyumba aliyotukaribisha. Hebu mtazame jengo la Bunge pale juu. Makovu ya risasi na makombora yameachwa ukutani makusudi. Kuanzia tarehe 28 Desemba 1993 askari 600 wa RPF, waliokuwa waasi wakati huo, walikaa humo kufuatana na Mkataba wa Arusha, mkataba ambao watu walitarajia ungeleta amani. Miezi mitatu na siku chache baadaye mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza na jengo hilo likawa uwanja wa mapigano. Mzee anayepita hapo kila asubuhi akienda kununua maziwa anajua kesho ikoje inapogeuka ghafla. Jirani yake huenda alizaliwa ukimbizini, Uganda, Burundi, Tanzania au hukohuko kwetu Kivu, akakulia kwenye hadithi za nchi ambayo wazazi wake waliikimbia kuanzia 1959, na akaiona kwa macho mara ya kwanza baada ya Julai 1994 ikiwa imejaa makaburi. Hawa ni watu walioirudia nchi iliyowatisha. Sijui walimu wengine tunaoweza kuwapata walio karibu hivi.

Wanyarwanda wana methali kwamba machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Nimeona wanaume wetu wa Kongo na wa Burundi wakiifuata bila kuwahi kuisikia. Baba hupoteza usingizi, huanza kunywa, humkaripia mtoto kwa sababu ya kijiko, na ukimuuliza ana nini husema ni uchovu wa kazi. Watoto wanaelewa kwamba kuna kitu, na kwa kuwa hawaambiwi, wanajitungia cha kutisha zaidi. Kwa hiyo wito huu ni kwa akina baba kwanza. Akina mama angalau husemezana wakisubiri zamu ya maji.

Ninachopendekeza kimeshajaribiwa nchi hiihii. Mwaka 2005, huko Byumba kaskazini, lilianza jambo linaloitwa Mvura Nkuvure, yaani niponye nikuponye. Watu 10 hadi 15 wa kijiji kimoja hukutana mara moja kwa wiki kwa wiki 15, kila kikao kama saa 3, wakiongozwa na wenzao wawili wa palepale waliofunzwa kazi hiyo. Wanakaa kwa duara darasani, kanisani, wakati mwingine chini ya mti. Waliokaa humo ni pamoja na manusura wa mauaji ya kimbari na watu waliotoka gerezani kwa makosa ya mauaji hayohayo, na baadaye mpango ukafika hata katika kambi za wakimbizi wa Kikongo. Kinachonishangaza ni mpangilio wake. Wanaanza na usalama: nini kinatufanya tujisikie salama katika duara hili? Wanafuata kuaminiana, halafu kujaliana, halafu heshima, halafu kanuni mpya za kuishi. Kumbukumbu ya mabaya waliyoyapitia huja mwisho kabisa. Hakuna anayelazimishwa kufungua kidonda siku ya kwanza mbele ya watu asiowajua. Sisi mara nyingi tunafanya kinyume: tunakutana mara moja kwenye msiba, mtu anaulizwa ilikuwaje, anamwaga yote, anaondoka akiwa amechanika kuliko alivyokuja.

Mfano mwingine ni wa vijana. Mwaka 1996 wanafunzi manusura wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda kule Butare walianzisha chama cha AERG, wakajigawa katika familia za kujiundia. Katika kila familia mmoja alichaguliwa kuwa baba na mwingine mama, ingawa wote walikuwa wa rika moja, na wale wengine wakawa watoto wao. Baba na mama hao walifuatilia nani amelala njaa, nani hajaja darasani, nani ameanza kujifungia chumbani Aprili, mwezi wa kumbukumbu ya mauaji, ikikaribia. Vijana wasiokuwa na mtu wa kuuliza walipeana wa kuuliza. Kijana wa Goma aliyekuja Kigali kusoma na ambaye wazazi wake wametawanyika anaweza kupata hivyo hapa Kimihurura, tukitaka.

Kuna swali gumu, sitalikwepa. Katika mtelemko huu tuna watu ambao nchi zao zinatuhumiana, na kila mmoja ana maelezo yake kuhusu nani alianza na nani anasema uongo. Vikao vitageuka ugomvi? Vinaweza, tukiviacha viwe mahakama ya vita. Ndiyo maana naomba tukubaliane tangu siku ya kwanza kwamba kila mtu atazungumza kuhusu kinachomkosesha usingizi yeye, nyumbani kwake, na kwamba kinachosemwa sebuleni kinabaki sebuleni. "Naogopa mama yangu atakufa Bukavu nisimwone" ni sentensi ambayo Mnyarwanda, Mrundi na Mkongo wanaweza kuipokea bila kubishana. Mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walitia saini makubaliano ya amani Washington tarehe 27 Juni 2025, na mwezi uliofuata serikali ya Kongo na M23 wakasaini tamko lao Doha. Kila karatasi ya namna hiyo naiombea itimizwe, kwa moyo wote. Wakati tunaisubiri itimizwe, kuna kodi ya kulipa na mtoto anayekojoa kitandani akiwa na miaka 11, na hayo yanahitaji watu walio karibu.

Maneno peke yake hayatatosha, najua. Kikao kizuri huzaa kazi. Cha kwanza ningependa kila kikundi kiwe na watu wawili au watatu wanaoaminika walioko kule, Goma, Uvira, Bujumbura, wa kupigiwa kabla ya mtu yeyote kusambaza sauti ya usiku au kutuma pesa ya kodi. Cha pili ni karatasi. Kongo kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho cha mtu, na wengi wetu tumeibeba kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vya kuzaliwa, matokeo ya shule na hati ya kiwanja. Nimeona mfuko kama huo baada ya mvua kuingia: wino umehamia ukurasa wa pili, picha ya mtoto imebaki duara la bluu. Tukae siku moja tuzipige picha zote, tuzihifadhi mahali pawili, na tumsaidie asiyejua kufanya hivyo kwa simu. Mwenye kitambulisho cha mkimbizi ambaye hajaandikishwa bima ya afya ya mituweli asaidiwe kuuliza; wakimbizi wa mijini walianza kuingizwa humo tangu 2019 na bado kuna majirani wanaogopa kwenda kituo cha afya. Wenye ikimina, yaani kikundi cha kuweka akiba, waendelee nayo, na kama kikundi kitakubaliana kuweka kando kitu kidogo kwa ajili ya simu ya usiku ambayo kweli ni ya dharura, heri.

Ninyi wenye nyumba kubwa na ofisi kwenye hizi barabara za mawe, wito unawahusu pia. Mnao wafanyakazi wanaofika kazini saa 1 asubuhi baada ya usiku wa kuangalia simu. Mlinzi wenu anaweza kuwa mwalimu wa hesabu wa Uvira. Anayewafulia anaweza kuwa na watoto upande wa pili wa mpaka. Siwaombi mtatue vita. Mpeni mtu ruhusa ya saa 3 kwa wiki aende kikaoni bila kukatwa mshahara, na mkiweza, njooni mketi naye kama jirani. Nanyi mna hofu zenu. Pesa haijawahi kumzuia mtu kuamka saa 9 usiku akifikiria kitakachowapata watoto wake.

Hatuhitaji kuunda chama wala kuomba ufadhili ili tuanze. Tayari tuna Umugoroba w'Imiryango, yaani jioni ya familia, tuna isibo ambamo kila kaya inajulikana, tuna viongozi wa mudugudu ambao tukiwaeleza mapema hawatashangaa kuona watu wamekusanyika. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, umuganda, kazi yetu ya pamoja ya jamii, ukiisha saa 5 asubuhi na mkutano ukianza, nitasimama na kulitaja jambo hili kwa dakika chache. Ukiwa pale, usiondoke haraka. Kama una sebule inayoingia viti 12, sema. Kama umewahi kukaa kwenye Mvura Nkuvure, hata mara moja, jitambulishe, maana tutahitaji wawili wa kutuongoza. Kama unamjua jirani anayeacha taa ikiwaka hadi alfajiri, mgongee mlango kabla ya siku hiyo, umwambie utapita kumchukua.